Datsun 240Z inachemsha hata baada ya kuwekewa rejeta mpya

SWALI: Habari fundi. Niko Ntinda, Kampala, nina Datsun 240Z ya 1972. Kwenye foleni mshale wa joto unatulia, lakini nikishika barabara ya Masaka na kufika kilomita 90 kwa saa, unaanza kupanda. Nimeweka rejeta nene ya safu tatu na feni ya umeme mbele yake. Fundi mmoja akanyanyua boneti upande wa kioo kwa kuweka washa (zile pete za chuma za bolti), ati joto litoke. Bado inachemsha. Ninunue rejeta kubwa zaidi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Usinunue. Nusu ya jibu umeshalitoa mwenyewe. Kwenye foleni feni ndiyo inayovuta hewa. Kwenye kilomita 90 hewa inaletwa na mwendo wa gari. Joto likipanda pale ambapo hewa ni nyingi, mara nyingi hewa hiyo inaingia puani kisha inatoroka pembeni bila kugusa rejeta.

Hewa ina tabia ya boda boda: ikiona upenyo haisubiri foleni. Na rejeta nene ndiyo foleni yenyewe. Ulivyoongeza safu ndivyo ulivyoipa sababu zaidi ya kukwepa.

Fanya hivi leo usiku. Zima gari, funika mwanga wa nje, weka tochi ndani ya pua ya gari ikimulika rejeta, kisha simama upande wa injini. Kila unapoona mwanga nje ya mapezi ya rejeta (vile vibati vyembamba vinavyopoza maji), hapo ndipo hewa inapotorokea. Gari la namna hiyo lililoletwa kwangu lilikuwa na mwanya wa vidole viwili kila upande, na juu ngumi yangu ilipita nzima. Tuliziba kwa bati jepesi lililokunjwa kwa mafundi wa Katwe na mpira wa mlango wa gari kuukuu kutoka soko la vipuri la Kisekka. Sponji ya godoro usiitumie, inanyonya maji na kuoza. Ziba pande zote, pamoja na chini: bati la kufunika tumbo la pua likiwa limeng'olewa, hewa inashuka barabarani badala ya kwenda nyuma.

Sasa hizo washa. Zitoe. Najua inaonekana ni akili ya kawaida, joto hupanda juu basi lifunguliwe njia juu. Kwenye foleni kweli linatoka. Lakini gari likikimbia, hewa inagonga kioo na kurundikana pale chini yake, shinikizo linakuwa kubwa, na badala ya joto kutoka, hewa ya nje inaingia. Chumba cha injini kikijaa, ile ya rejeta haina pa kwenda. Ukibisha, bandika nyuzi fupi za sufu kando ya mwanya huo, mwenzako apige video kwa simu mkiwa njiani, uone zinavutwa kuelekea wapi.

Feni nayo ihamie nyuma ya rejeta. Ikiwa mbele, mota na fremu yake ni ukuta. Ukiihamisha lazima ivute, isipulize: iwashe gari likiwa limesimama, shika karatasi mbele ya rejeta, ikinata, sawa, ikiruka, mzunguko uko kinyume.

Kabla ya hayo yote, kagua mapezi. Ukipita Entebbe mara kwa mara, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kama moshi huyajaza mpaka yanakuwa zulia. Osha kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kwa mashine ya presha, mapezi yatalala. Pia mwenzako akanyage mafuta huku wewe ukitazama bomba la chini la rejeta: likibonyea, badilisha, maji hayapiti.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo mfuniko wa rejeta uwe mzima. Ule wa shinikizo la bar 0.9 ukishika vizuri, maji hayachemki mpaka yavuke nyuzi 110.

Na kama umefunga zile taa kubwa mbele ya grili kwa kumkumbuka Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala aliyeshinda mbio za magari za Safari Rally za 1973 kwa gari kama lako, mchana zivue, nazo zinazuia hewa.