Nyama, maziwa na mayai: bado tunavihitaji?

Nimeacha nyama, samaki, mayai na maziwa tangu mwaka jana na najisikia mwepesi. Kuna sababu ya kurudi?

Ya kurudi haipo, ila kuna kidonge unachopaswa kuanza kumeza. Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria na hutufikia kupitia vyakula vya wanyama. Mchicha, kunde na karanga hazina. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini la mtu aliyezoea kula nyama huweka akiba ya miaka kadhaa. Ndiyo maana mwaka wa kwanza huoni kitu. Akiba ikiisha huja ganzi ya miguu, kusahausahau, ulimi kuwasha na upungufu wa damu. Ubaya wake ni kwamba mboga za majani zina foleti (vitamini B9) nyingi, na foleti inaweza kuficha upungufu wa damu huku neva zikizidi kuharibika. Usisubiri dalili.

Meza mikrogramu 50 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Kiasi kinaonekana kikubwa kwa sababu utumbo hupokea mikrogramu kama 2 tu kwa mkupuo; kinachobaki hufyonzwa kidogo mno. Na usidanganyike na unga wa spirulina: sehemu kubwa ya kinachoitwa B12 ndani yake mwili hauwezi kuitumia.

Ugali na maharagwe vinaweza kushika nafasi ya nyama?

Kwa protini, vinaweza. Mwenye kilo 60 anahitaji takriban gramu 48 kwa siku. Vikombe viwili vya maharagwe yaliyoiva vina kama gramu 30, ugali wa gramu 200 za unga unaongeza 16 hivi, na kiganja cha karanga 7. Mahindi yana laisini (moja ya vijenzi vya protini) kidogo, maharagwe yanayo tele, kwa hiyo vinakamilishana. Si lazima vikutane kwenye sahani moja, mradi vyote viliwe ndani ya siku.

Kazi ipo kwenye madini ya chuma. Ya kwenye maharagwe na majani hufyonzwa kwa shida kuliko ya kwenye nyama. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali usiopungua dakika 10 kabla ya kupunguza moto; maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayotapisha. Kula na ndimu au kachumbari. Chai isogeze mbele saa moja baada ya chakula, maana chai ya kusindikizia mlo ndiyo inayoharibu hesabu yote.

Mwanangu ana miezi minane. Nikimpa uji wa lishe wenye nafaka na karanga, si unatosha?

Hapa jibu letu ni tofauti kabisa. Tumbo lake ni dogo, mahitaji yake ya chuma na zinki ni makubwa, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate chakula cha wanyama kila siku.

Hata kwa wakubwa kidogo tofauti huonekana. Mwaka 1998 huko Embu, Kenya, watoto wa darasa la kwanza katika shule 12 waligawanywa: wengine walipewa githeri (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja) iliyoongezwa mafuta, wengine githeri na maziwa, wengine githeri yenye nyama ya kusaga, na kundi la mwisho halikupewa kitu. Baada ya kama miaka miwili, waliokula nyama ndio walioongoza kwenye jaribio la kufikiri, na hali ya B12 iliboreka kwa waliopata nyama au maziwa.

Huhitaji kununua kilo ya nyama. Chukua dagaa wakavu, toa vichwa na matumbo, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne mpaka mchanga uishe (wengi huanikwa chini), wakaushe tena, wakaange bila mafuta, kisha watwange na kuwachekecha. Kijiko kimoja cha chakula kwenye uji unaochemka, dakika tano, basi. Tengeneza wa wiki moja tu. Dagaa wana mafuta na unga wao huchacha upesi.

Usisage dagaa, soya na karanga pamoja na mahindi. Karanga huharibika na zikivunda huleta sumukuvu, na soya mbichi haiivi kwa muda unaotosha uji, ndipo tumbo la mtoto linapoanza kuvuruga. Asali, nayo chakula cha mdudu, asionje kabla ya mwaka mmoja.

Tui la nazi si maziwa pia?

Jina tu. Lina mafuta mengi, protini kidogo na kalsiamu kidogo sana. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe kina kalsiamu miligramu 300 hivi. Asiyekunywa maziwa ategemee dagaa wanaoliwa na mifupa, au sukuma wiki. Mchicha una kalsiamu pia, lakini oksaleti zake huishika isifyonzwe.

Na vitu visivyoliwa: viatu, dawa, mbolea?

Viatu vina mbadala, na kandambili za tairi ni ushahidi. Insulini ilikuwa ikitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Tangu mwaka 1982 iko inayotengenezwa na bakteria. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, bado hutoka kwenye utumbo wa nguruwe, na vidonge vingi vya ganda laini ni jelatini ya ngozi na mifupa. Anayejali kwa sababu ya dini au msimamo amuulize mfamasia kabla ya kulipa. Samadi ndiyo ngumu kuliko zote kuiacha: mkulima mdogo asiyeweza kununua mbolea ya dukani hana kingine cha kurudisha shambani kwa wingi huo, labda mboji na mabaki ya kunde.