Usipime Damu Jumatatu Baada ya Marathoni

Msomaji mmoja wa hapa Nairobi ametutumia majibu yake ya maabara. Alikimbia kilomita 42 Jumapili, na Jumatatu saa nne asubuhi akaenda kupimwa kwa ajili ya bima. CRP (kiashiria cha inflamesheni, yaani mwako wa mwili unapojikinga au kujikarabati) ilikuwa 38, seli nyeupe za damu 11.6, AST (kimeng'enya kinachotumika kupima ini) 96. Kliniki ikamwambia ana maambukizi na ini lake lina shida, akatoka na antibiotiki za siku saba. Hakuna aliyemuuliza jana yake alikuwa wapi. Inauma, maana swali hilo moja tu lingebadilisha kila kitu.

Ukikimbia sana, misuli yenyewe humwaga kemikali iitwayo IL-6 kwenye damu. Mwisho wa marathoni inaweza kuwa imepanda hata mara 100, kisha hushuka ndani ya saa chache. Ini likiipokea hiyo ishara huanza kutengeneza CRP, na kazi hiyo huchukua muda: kilele chake huja siku ya kwanza hadi ya pili baada ya mbio. Kwa hiyo Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote. Uzalishaji ukikoma, CRP hupungua kwa nusu kila saa 19 hivi. Ile 38 hufika 19, kisha 9.5, kisha chini ya 5, takriban siku mbili na nusu. Lakini ini haliachi kazi ghafla, ndiyo maana tunasema subiri wiki nzima.

Seli nyeupe nazo hupanda bila kijidudu chochote. Ukipimwa pale pale kwenye utepe wa mwisho unaweza kukutwa na 15 au zaidi. AST je? Iko kwenye ini, ndiyo, lakini iko pia kwenye misuli. Omba CK, kimeng'enya cha misuli, na GGT, cha ini, zipimwe pamoja nayo. CK ikiwa juu sana na GGT ikiwa sawa, msuli ndio unaovuja, si ini. Kuteremka mlima huumiza misuli kuliko kupanda, kwa hiyo aliyeshuka Ngong Hills mbio Jumamosi anaweza kuwa na CK ya maelfu huku anatembea vizuri tu.

Kwa hiyo panga kipimo hivi. Siku saba kabla, acha mbio kali, vyuma na milima. Kimbia polepole dakika 30 ukitaka. Saa 48 za mwisho, usikimbie kabisa. Nenda asubuhi, usiende ukiwa na mafua, na urudi maabara ile ile kila mara kwa sababu viwango vya kawaida hutofautiana. Kwenye fomu andika umbali na siku uliyokimbia. Kama ni CRP ya kupima hatari ya moyo na imezidi 10, usiitafsiri. Rudia baada ya wiki mbili.

Feritini, kipimo cha akiba ya madini ya chuma mwilini, ndiyo inayodanganya vibaya zaidi, hasa kwa akina dada. Hupanda pamoja na inflamesheni, hivyo ghala la madini ya chuma linaweza kuwa karibu tupu huku karatasi inasema uko sawa. Ipime siku umepumzika, pamoja na CRP. Na hepsidini, homoni inayofunga mlango wa chuma utumboni, hupanda saa tatu hadi sita baada ya mazoezi makali. Meza tembe za madini ya chuma asubuhi, kwa chungwa. Chai ya maziwa isubiri angalau saa moja.

Tafadhali, usimeze ibuprofeni wala diklofenaki ili kuzuia hii inflamesheni. Figo zikiwa tayari zimekaukiwa na maji, dawa hizo huzibania damu zaidi. Katika mbio za kilomita 160 za Western States kule Marekani, waliotumia ibuprofeni walikutwa na viashiria vya inflamesheni vilivyo juu kuliko wasiotumia. Kinachosaidia ni wanga: gramu 30 hadi 60 kila saa njiani, yaani ndizi mbivu moja au mbili za wastani. Misuli ikiishiwa akiba ya sukari, IL-6 huzidi.

Lakini si kila kitu ni mbio. Joto la mwili likizidi 38, mguu mmoja ukivimba, au CRP ikiendelea kupanda siku ya nne, mwone daktari. CRP ikipita 100, usiisingizie marathoni. Mkojo ukiwa mweusi kama strungi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kwa ndugu yetu aliyetuandikia: rudi kwa daktari na karatasi hiyo, mweleze kuhusu marathoni, muulize kama hizo antibiotiki zinahitajika. Kisha pima tena Jumatatu ijayo: CRP, CK, AST na GGT.