Kiitaliano cha kuokota mtaani kinatosha kuanzia chuo kikuu?

Mdogo wangu, umeuliza kama ni busara kusomea lugha na utamaduni wa Kiitaliano ilhali Kiitaliano chako umekiokota kwa wageni wa Malindi. Nakwambia nenda, tena kwa moyo mmoja. Sikio lako limeshazoea, na irabu zao tano za maandishi hazitakusumbua.

Kazi iko kwenye konsonanti. "Nono" ni wa tisa, "nonno" ni babu. Ile n ya pili lazima uikaze, ulimi ukae kidogo kabla ya kuachia. Soma kwa sauti kila siku, jirekodi, jisikilize.

Utakachokipenda zaidi, naamini, ni historia ya lugha yenyewe. Kama Kiswahili sanifu kilivyojengwa juu ya Kiunguja, Kiitaliano sanifu kimetokana na lahaja ya mji wa Firenze, aliyoiandikia mshairi Dante. Italia ilipoungana 1861, watu wengi walizungumza lahaja zao tu, na hadi leo mzee wa Napoli akiongea na jirani yake utaachwa njiani. Mtu aliyekulia kati ya Kimvita na Kiamu anaelewa jambo hilo upesi.

Katika miji ya Perugia na Siena, huko Italia, kuna vyuo vikuu vya umma vilivyowekwa mahususi kwa wageni. Shahada inayofundishwa kwa Kiitaliano kwa kawaida hudai kiwango cha B2, yaani cha kati cha juu katika ngazi za lugha za Ulaya. Mitihani ya Kiitaliano kwa wageni, CELI na CILS, hukithibitisha kiwango hicho. Makaratasi ya viza yaanze mapema, miezi kadhaa kabla ya masomo.