Daftari Kwanza, Bango Baadaye

Kila kundi jipya la vijana likianza mafunzo ya haki za binadamu, swali la siku ya kwanza ni lile lile: maandamano ni lini? Siwacheki. Nami niliingia hivyo hivyo, fulana yenye maandishi makubwa, sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, na kalamu ya kuazima.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya kijana Mnubi wa Makina, mtaani Kibra, Nairobi. Babake na babu yake walizaliwa hapo hapo. Hata hivyo alipoomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya uhakiki wa uraia, huku jirani yake wa kabila jingine akijaza fomu na kwenda zake. Tulikaa saa mbili kibandani, chai ikapoa, nami nikaandika: "Alinyanyaswa mara nyingi na maafisa."

Wakili aliyetusimamia alisoma mara moja tu. Mara ngapi? Lini? Dirisha gani? Alidaiwa karatasi ipi? Sikuwa na jibu hata moja. Niliporudi Makina, kijana alikuwa ameshashuka Mombasa kutafuta vibarua, simu haipatikani. Malalamiko yake yaliishia kwangu.

Siku hizi ukurasa naupiga mstari katikati: kushoto aliyoyaona mtu mwenyewe, kulia aliyoyasikia kwa wengine. Na sikubali neno la jumla likapita. Nyanya mmoja aliniambia, "Walinifukuza." Nikamwomba anisimulie polepole. Kumbe alifika saa moja asubuhi, akakaa benchi la nje, na saa sita karani akamwambia arudi na cheti cha kuzaliwa cha babake. Babake alizaliwa enzi za mkoloni! "Walinifukuza" ofisi ingekanusha kwa sentensi moja. Kudaiwa cheti ambacho jirani hadaiwi ni jambo jingine: hapo unashika Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinachokataza ubaguzi, na cha 56 kuhusu makundi ya wachache na yaliyotengwa.

Kifungu ninachokipenda kuliko vyote, ingawa hakiimbwi na mtu barabarani, ni cha 47. Uamuzi wa ofisi ukikuumiza katika haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mfundisheni kila mtu mnayemhudumia kuiomba, kwa heshima, kwa barua, nakala abaki nayo. Habari nyingine zilizo serikalini ziombwe kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Andikeni tarehe mliyopeleka barua na mpigiwe muhuri, la sivyo hizo siku mtazihesabu kuanzia wapi?

Maandamano yana kazi yake, sikatai. Mwaka 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, wakaupata na kutambuliwa kuwa kabila la 43. Mkitaka kuandamana, polisi wapewe taarifa si chini ya siku tatu kabla na si zaidi ya 14. Akikamatwa mwenzenu, ulizieni namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, andikeni saa aliyokamatwa, kwani anapaswa kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Saa hiyo ni ya kuandika, msiitegemee kumbukumbu ya mtu aliyetoka kukimbia.

Picha: usimpige mtu kabla hajaelewa itakwenda wapi. Mama aliyekubali kwa sababu ya haya hajakubali. Wala msimwahidi mtu kitambulisho. Muahidini kwamba mtarudi, kisha mrudi. Jamii ya Ogiek, iliyodai ardhi yake ya Msitu wa Mau, ilipata hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2017, ya fidia ikafuata 2022. Kesi zina mwendo wa kobe, na mwenye kesi anapaswa kulijua hilo mapema.

Mapema 2025 Rais alitangaza kuufuta ule uhakiki wa ziada. Vizuri. Lakini tangazo hupimwa dirishani, ndiyo maana wiki hii tutaanza na foleni: nani kaombwa nini, siku gani.

Kesho njooni na daftari la kushonwa, si lile la kuchanika. Ukurasa ukichomoka mtaulizwa ulikuwa na nini. Kalamu mbili. Na nauli ya Kibra, kwenda na kurudi.