Jibu: Nataka kuuza 1.8 isiyo na turbo nichukue 1.0 turbo ili nibane mafuta

Usilipe. Na kama umeshalipa, usithubutu kuliendesha hivyo walivyokufundisha.

Nimerudia kusoma uzi wako kwa sababu sikuamini macho. Una 1.8 ya kawaida inayokupa kama kilomita 12 kwa lita, unataka kuiuza uchukue 1.0 turbo (injini ya lita moja yenye feni ya kuisukumia hewa) ya silinda tatu ya mwaka 2014 kwa kuwa karatasi inasema lita 4.6 kwa kilomita 100, yaani karibu kilomita 22 kwa lita. Mko watano, boksi juu ya paa, barabara kuu karibu kila siku, na milima ipo. Umeuliza pia manyua (gia za mkono) au otomatiki, oktani gani, turbo inadumu miaka mingapi, na pesa itarudi lini. Hadi hapo ningekupita kimya kimya kama wengine. Kilichonitoa mafichoni ni mstari wako wa mwisho: muuzaji kakushauri upandishe gia mapema, ukae gia ya sita, na mlimani "ukanyage tu, turbo ina nguvu kuanzia chini".

Mkuu, maneno hayo hayo niliambiwa mimi nilipouza 1.8 yangu nikachukua 1.0 turbo kama hiyo. Yalinigharimu injini.

Tuanze na hiyo 4.6 yako tuimalize haraka. Gari la 2014 lilipimwa kwa NEDC, kile kipimo cha maabara cha Ulaya kilichokuwepo hadi kipimo kipya cha WLTP kilipoanza kushika nafasi yake Septemba 2017. Gari linazungusha magurudumu juu ya roli, kiyoyozi kimezimwa, kwa dakika zisizofika ishirini, kilomita kama 11, mwendo wa wastani karibu 34 kwa saa. Kutoka sifuri hadi 50 linapewa sekunde 26. Ondoka hivyo kwenye taa uone, wa nyuma yako atashuka kuja kuuliza kama umezimia. Mwendo wa 120 unaguswa sekunde kumi tu basi. Kwa uendeshaji huo turbo imelala usingizi, na injini ndogo isiyobeba kitu lazima itoe namba tamu. ICCT, taasisi ya utafiti wa usafiri safi, walipolinganisha namba za maabara za magari ya Ulaya na matumizi ya barabarani, walikuta pengo limekua kutoka takriban asilimia 9 mwaka 2001 hadi 42 mwaka 2015. Kule Marekani, jarida la Consumer Reports mwaka 2013 walizipima hizi turbo ndogo wakakuta mara nyingi hazizishindi injini kubwa za kawaida kwa mafuta. Ford Fusion ya 1.6 turbo iliwapa maili 25 kwa galoni, ikapitwa na sedani za daraja lake zenye 2.4 na 2.5 zisizo na turbo.

Wala hakuna uchawi hapo. Petroli inataka kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Kompyuta inajua hewa kiasi gani imeingia, inamwaga mafuta ya kutosha hewa hiyo. Injini ya lita moja bila kupuliziwa inakula hewa ya lita moja. Turbo ikisukuma hadi kilopaskali 180 (hewa tunayovuta usawa wa bahari ni kama 100), inaingia hewa ya injini ya 1.8, na inapewa mafuta ya injini ya 1.8. Tena ni 1.8 ya daraja la pili, kwa sababu ili isigonge (mafuta kulipuka ovyo) chini ya busti, yaani msukumo wa turbo, nyingi zimepewa kompresheni (jinsi mchanganyiko unavyobanwa kabla ya kuwaka; ukibanwa zaidi, nguvu zaidi kwa mafuta yale yale) ya karibu 10 kwa 1, wakati zisizo na turbo kama Skyactiv-G za Mazda zinafika 13 na hata 14.

Faida ya injini ndogo ni ya kweli, ila inaishi sehemu moja tu: kazi nyepesi. Pale throtoli (mlango wa hewa) inakuwa wazi zaidi, pistoni hazihangaiki kunyonya hewa kupitia upenyo mwembamba, na msuguano ni wa silinda tatu badala ya nne. Jirani yangu ana gari kama langu lile lile, yuko peke yake, tambarare, 80 kwa saa, anapata kilomita 18 kwa lita na anahakikisha nalijua hilo kila akijaza tangi. Wewe na mimi hatuna kazi nyepesi. Kwenye 120 upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu inayokua kwa mraba wa mwendo, na hilo boksi la paa ni ukuta. Ukizidi kukamua, eksozi inapata moto, kompyuta inaongeza mafuta ya ziada ili kuipoza turbo na katalisti (kisafisha moshi). Hayo hayasukumi gari hata hatua moja.

Langu, kwa hesabu ya kujaza tangi hadi pampu ikate, likatulia kwenye kilomita 12 kwa lita. Dashibodi ilikuwa inanitangazia 14, nayo ina maneno yake kama muuzaji. Ile 1.8 niliyoiuza kwa mbwembwe ilikuwa inatoa 12 na nusu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pesa ilipokwenda. Kununua tu kusingeniua. Kilichoniua ni kutaka kuilazimisha ile namba ya karatasi itokee. Nikakumbuka ushauri: gia ya juu, mzunguko mdogo, kanyaga. Na kweli kwenye dashibodi kulikuwa na kile kimshale cha kijani kinachokubembeleza upande gia kabla hata hujamaliza kuingiza ya kwanza. Nikawa mtiifu. Mlimani, watoto nyuma, mizigo juu, niko gia ya sita, mzunguko wa injini 1,500 kwa dakika, mguu umezama karibu na sakafu, najisifu kwa mke wangu kwamba unasikia injini ilivyotulia? Haikuwa imetulia. Ilikuwa inakabwa.

Siku moja ukatoka mlio mmoja, "tak!", mzito, halafu kimya. Haukuwa ule mlio wa kugonga wa mafuta mabaya unaofanya kelele mfululizo kama mbegu kwenye kibuyu. Mmoja tu. Nikaongeza sauti ya redio, ndiyo, mimi ni mtaalamu wa kiwango hicho. Baada ya muda injini ikaanza kutetemeka ikiwa imesimama, oili ikawa inapungua bila kuvuja, na mafuta ndiyo kwanza yakapanda. Fundi akapima kompresheni: silinda ya kwanza na ya tatu sawa, ya kati imeporomoka. Alipoifungua aliitoa pistoni, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza kwenye mwanga. Ule ukingo mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umekatika, na ukuta wa silinda una michubuko ya wima unayoweza kuihisi kwa ncha ya kidole. Gharama yake iliikaribia nusu ya thamani ya gari. Piga hesabu mwenyewe ni lita ngapi za petroli hizo.

Kitu chenyewe kinaitwa LSPI (low-speed pre-ignition), yaani kuwaka mapema kwenye mzunguko mdogo. Kwenye turbo zenye kudunga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, mzunguko ukiwa mdogo na mzigo mkubwa, matone ya oili iliyochanganyika na petroli kutoka ukutani mwa silinda yanaweza kuwaka kabla cheche haijapiga. Mchanganyiko wote unalipuka pistoni ikiwa bado inapanda. Ugonjwa huu ni wa kweli kiasi kwamba viwango vya oili vya API, taasisi ya petroli ya Marekani, vilibadilishwa kwa ajili yake: API SN Plus mwaka 2018, kisha API SP mwaka 2020. Oili zenye kalsiamu nyingi zilionekana kuuchochea. Mimi nilikuwa naweka oili yoyote iliyoandikwa unene sahihi, na muuzaji aliyejua kila kitu kuhusu "nguvu kuanzia chini" hakuwa na neno hata moja kuhusu oili. Popote alipo, petroli yake na imkatikie mlimani, mvua inanyesha, na simu haina chaji.

Na usifikiri kwamba angalau nilibana mafuta wakati naiua. Baada ya injini nyingine kuingia nilichomeka kidude cha OBD kinachosoma namba za kompyuta ya gari, nikaweka simu kwenye kishikio, nikarudi mlima ule ule. Gia ya sita, mzunguko 1,600: shinikizo la hewa kilopaskali 190, na pembe ya cheche (inapiga mapema kiasi gani kabla pistoni haijafika juu) imerudishwa nyuma hadi karibu sifuri. Maana yake kompyuta inaogopa kugonga, inachelewesha cheche, na joto lililopaswa kusukuma pistoni linatokea kwenye eksozi. Nikashuka gia ya nne, mwendo ule ule: mzunguko 2,500, shinikizo likaanguka hadi 125, cheche ikarudi kwenye nyuzi 15 hivi, na namba ya matumizi ya papo hapo ikapungua. Ikapungua, mkuu, injini ikiwa inapiga kelele zaidi! Wahandisi wanalijua hili siku nyingi. Ndiyo maana Volkswagen kwenye 1.5 TSI evo walipandisha kompresheni hadi 12.5 na kwenda mzunguko wa Miller (vali za hewa zinafungwa mapema), na Ford kwenye 1.0 EcoBoost waliweka mifereji ya eksozi ndani ya kichwa cha silinda ipozwe na maji. Asiyejua ni anayekuuzia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaiandika kwenye kila uzi wa turbo hadi mnifungie akaunti: kazi yako ya kila siku iishe kabla busti haijaanza. Tambarare, mguu mwepesi, shinikizo liko chini ya 100? Kaa gia ya sita hadi uzee, kimshale kiko sahihi. Shinikizo limepanda 150 na linabaki huko? Shuka gia, kimshale kiseme kinachotaka. Na ukiona maisha yako yenyewe ni 150, watu watano, boksi na milima, basi hiyo injini si yako. Tafuta 1.5 turbo ikuvute bila kutoa ulimi, au bakia na 1.8 yako ambayo hujamwambia mtu ubaya wake hata mmoja.

Boksi la paa lishushe siku usizolihitaji. Hilo tu litakupa zaidi ya alichokuahidi yule bwana.

Oktani: ile iliyoandikwa ndani ya kifuniko cha tangi, usishuke hapo, maana oktani ikishuka cheche inarudishwa nyuma zaidi na tunarudi kule kule. Mengine uliyouliza nimeyasahau, nisamehe, hasira zimenipanda. Ah, manyua au otomatiki. Wadau wenye otomatiki waje, zipo zinazong'ang'ania gia ya juu kuliko mimi nilivyokuwa.

Ila kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza, mwombe muuzaji gari ulijaribu ukiwa na familia nzima ndani. Kidude cha OBD chomeka, panda mlima wako wa kila siku kwa mwendo wako wa kila siku, kisha leta hapa picha ya shinikizo la hewa na pembe ya cheche katikati ya mlima. Akikataa watoto wasipande, hiyo nayo iandike hapa.