Jogoo mgonjwa chumbani: atibiwe vipi bila kuwaamsha wapangaji?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi nyumba ya kupanga Mabatini, Mwanza, tuko wapangaji sita. Jogoo wangu wa kienyeji amevimba uso upande mmoja, jicho limefunga, anakoroma na puani anatoa ute wenye harufu mbaya. Nimemtenga na matetea, nimemweka jikoni ndani ya boksi na kulifunika blanketi. Lakini kila saa kumi alfajiri anawika, na jirani ana mtoto mchanga. Mama mwenye nyumba amenipa wiki moja. Kuna mtu kaniambia nimfunge mkanda shingoni. Nimpe dawa gani, na mkanda unafaa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mkanda usimfunge. Kazi yake ni kubana koo ili hewa isitoke kwa nguvu. Jogoo mzima mkanda humsumbua tu, ila huyu wako ambaye pua imeziba anaweza kukata roho usiku huohuo. Na blanketi ulilolifunikiza juu ya boksi litoe leo. Kuku hatoki jasho, anapoza mwili kwa kupumua, na joto lake la kawaida ni kama nyuzi 41. Ukimziba, joto linapanda na kinyesi kinatoa amonia inayochoma njia ya hewa ambayo tayari imeumia. Nimeshaletewa jogoo aliyekufa hivyo, na mwenyewe alikuwa anampenda sana.

Dalili zako zinaelekea kwenye mafua ya kuku, ugonjwa wa bakteria, na ile harufu mbaya ndiyo inayonifanya niwaze hivyo. Ila mfungue mdomo kwenye mwanga: ukiona utando wa njano umeganda kooni, inaweza kuwa ndui. Na ukiona shingo inapinda, mabawa yanalegea, kinyesi ni cha kijani, au matetea wanaanza kufa, huo unaweza kuwa mdondo (wengine mnauita kideri). Mdondo hauna dawa. Mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo, na usiuze wala kugawa kuku hata mmoja.

Kama ni mafua, mwombe afisa mifugo amwone kisha upate dawa ya kuua bakteria, oksitetrasaikilini au tailosini, kwenye duka la dawa za mifugo. Kipimo na idadi ya siku fuata maandishi ya pakiti, na usikatishe dozi kwa sababu jicho limefunguka. Maji ya dawa yawe ndiyo maji pekee anayokunywa, kwenye chombo cha plastiki, kivulini, na yabadilishwe kila siku. Ukitumia oksitetrasaikilini, usimpe maziwa wala maganda ya mayai siku hizo, maana madini ya chokaa (kalsiamu) yaliyomo huishika dawa isiingie mwilini. Jicho na pua vioshe asubuhi na jioni kwa maji yaliyochemshwa yakawa vuguvugu, lita moja kwa kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi. Asipokunywa mwenyewe, dondosha matone pembeni mwa mdomo. Usimmiminie, kwani tundu la hewa liko nyuma tu ya ulimi.

Kuku mwenye mafua hupoteza hamu ya kula. Mpikie uji mzito wa dona, changanya na dagaa wa kusaga, umpe ukiwa vuguvugu. Pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, chagua dagaa waliokaushwa juu ya chanja, maana wa kuanikwa chini wanakuja na mchanga.

Sasa kelele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa yake mwilini: huanza kuwika kama masaa mawili kabla ya mwanga anaoutarajia, hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika. Mwanza jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, kwa hiyo saa kumi yako inaelezeka kabisa. Giza peke yake halimdanganyi. Unachoweza ni kuisogeza hiyo saa. Mwachie taa hafifu hadi saa tatu usiku, kisha giza totoro mpaka saa mbili asubuhi, kila siku bila kuruka. Usitarajie mabadiliko kesho, saa ya mwilini husogea polepole kwa siku kadhaa. Na usizidishe giza, kwani gizani hali wala hanywi.

Mhamishe kutoka jikoni, hapo mnapika na yeye anapiga chafya. Mweke stoo, kwenye tenga lililotandikwa pumba za mpunga, juu ya gunia la pumba badala ya sakafu tupu. Giza lilete kwa kuziba dirisha la chumba, siyo tenga. Nyumba nyingi za kupanga hazina dari, sauti inapita juu ya ukuta hadi kitandani kwa jirani. Kwa hiyo tandaza godoro kuukuu la sponji juu ya fito, kama shubiri mbili juu ya tenga, pande zote nne zikibaki wazi kwa hewa. Mtoe pia karibu na ukuta unaotazama jogoo wa jirani, kwani akimsikia atamjibu. Wengine hutumia boksi la kimo kifupi ili jogoo asinyooshe shingo. Kwako bado, maana anayekoroma anahitaji kunyoosha shingo ili avute hewa.

Mama mwenye nyumba na mama wa mtoto waeleze idadi ya siku za dawa, wajue kuna mwisho. Jambo jingine zito: kuku aliyepona mafua hubaki na vimelea na anaweza kuwaambukiza matetea. Ningekuwa wewe nisingemrudisha bandani. Ningesubiri siku za katazo la nyama (siku ambazo nyama hailiwi baada ya dawa) zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe, kisha awe kitoweo. Kwa sasa hudumia matetea kwanza, yeye mwisho, unawe mikono kwa sabuni. Na hao matetea, kama bado wazima, wapate chanjo ya mdondo ya tone la jicho, irudiwe kila baada ya miezi mitatu.