Rekodi Sauti Kwanza: Kwa Wastaafu Wenzangu Mnaoanza Kurekodi Nyumbani

Miaka sita iliyopita nilivuka mpaka pale Horohoro nikiwa na udi, akodiani ya marehemu kaka yangu na madaftari matatu ya mashairi. Nilikuwa nimestaafu ukarani wa bandarini Mombasa, na mke wangu, mwenyeji wa Chumbageni, alikuwa amesubiri vya kutosha kurudi kwao. Tangu tuhamie Tanga nimetoa nyimbo kumi na nne, zote zimerekodiwa katika chumba chetu cha nyuma. Siku hizi wananijia wazee wenzangu, wengine Wakenya kama mimi, mmoja Mngazija, na wote huanza na swali lilelile: ninunue nini?

Jibu langu ni kwamba usinunue kitu bado. Rekodi sauti yako, wiki hii hii, hata kwa simu.

Nasema hivyo kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliumalizia kwenye vyombo. Nilijifunza programu, nikapanga midundo, nikabadilisha nyuzi, nikarudia besi mara arobaini. Nilipokuja kuimba, wimbo niliouandika katika ufunguo wa D nikiwa Mombasa ulinishinda kwenye kiitikio. Ilibidi niushushe hadi B, na kila chombo nilichokipanga nikakirekodi upya. Gitaa utaliongeza mwakani, na mpiga fidla utampata. Koo la mtu wa miaka sitini na kitu halisubiri. Sisi tuna saa nyingi kwa siku na miaka isiyojulikana idadi, kwa hiyo chenye kupungua ndicho cha kuwekwa mwanzo.

Ukiimba, vaa hedifoni na uwashe mlio wa kuhesabu mapigo. Wengi hawaupendi, nami sikuupenda. Lakini sauti iliyoimbwa juu ya mapigo maalumu inaweza kuwekewa ngoma ya dumbak, gitaa au ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, baada ya miaka mitano, na mtu ambaye hamjawahi kuonana. Sauti iliyoimbwa ovyo itakufunga. Sehemu ya kufungulia, ile taksimu ya udi, iache huru, kisha mapigo yaanze pale ubeti wa kwanza unapoingia.

Sasa chumba, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Piga kofi moja katikati ya chumba usikilize. Kama kuna mlio unaorudi kama wa birika, huo ndio utakaousikia katika kila neno la wimbo wako, na hakuna programu itakayouondoa vizuri. Watu hutundika kanga ukutani wakadhani wamemaliza. Kitambaa chepesi hunyonya sauti nyembamba za juu tu, zile nzito zinabaki zikizunguka, na matokeo yake unasikika kama mtu aliyefungiwa kabatini. Kinachofanya kazi ni unene. Mimi nilisimamisha magodoro mawili ya sufi kwenye pembe nyuma yangu, nikaweka mkeka na zulia chini, na kabati la nguo likaachwa wazi upande wa tatu. Hayo magodoro tulikuwa nayo tayari.

Saa yangu ya kurekodi ni saa tisa usiku hadi saa kumi. Nimejaribu nyakati nyingine zote. Mchana kuna bodaboda na mafundi, jioni watoto na redio za majirani, na kunguru wa Tanga huanza makelele yao kabla jua halijatoka. Kwa hiyo naamka, nachomoa friji, nazima feni, nafunga dirisha. Dakika mbili za kwanza siimbi. Nakaa tu na hedifoni masikioni nikisikiliza chumba: kama mbwa wa jirani ametulia, kama mbu amekaribia maiki, kama mshale wa saa ya ukutani unasikika. Usiku mmoja nilirekodi mara sita nikisikia tiki, tiki, nikadhani ni kadi ya sauti imeharibika, kumbe ilikuwa saa yangu ya mkononi. Tangu hapo naivua na kuiacha sebuleni. Feni ikizimwa jasho linatiririka, basi weka taulo na maji ya vuguvugu karibu. Adhana ya alfajiri ikianza, kazi imekwisha kwa siku hiyo. Na masika, kuanzia Machi hadi Mei, kama unaishi chini ya mabati, tumia miezi hiyo kuandika mashairi.

Kuhusu maiki nitasema kwa ufupi. Zile nyepesi za kunasa kila kitu, za kondensa, zinapendeza katika studio iliyotulia. Katika nyumba ya kawaida zitanasa hata sufuria ya jirani. Anza na maiki ya dainamiki ya aina ya Shure SM58, ambayo hata mwimbaji wa kwaya anaijua, na kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye kompyuta. Kaa umbali wa shubiri moja, elekeza mdomo pembeni kidogo ili herufi P na B zisipige. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa kwa mwaka mzima.

Jambo moja la kipimo ulishike: rekodi kwa biti 24, na mshale wa sauti usivuke desibeli 12 chini ya sifuri (-12 kwenye kipimo cha programu) unapoimba kwa nguvu. Sauti iliyogonga dari ikapasuka haitengenezeki. Sauti iliyo ndogo unaipandisha baadaye bila hasara yoyote. Mimi nilipoteza upigaji bora wa dumbak niliowahi kuupata kwa sababu nilipenda kuona mstari mnene kwenye kioo.

Kwa wenzangu wa taarabu nina onyo la pekee. Tanga ni mji uliotia gitaa la umeme na besi ndani ya taarabu, tangu siku za vikundi vya Black Star na Lucky Star, na uzuri ule ulikuja kwa watu kusikilizana. Leo kuna kitufe cha kunyoosha sauti. Kijana mmoja aliyenichanganyia wimbo, yaani kuweka sawa sauti na vyombo, alikiwasha bila kuniuliza, kwa nia njema, akidhani mzee amekosea. Wimbo ulikuwa wa bayati, mojawapo ya maqamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya noti. Noti ya pili ya bayati inakaa katikati ya kibao cheupe na cheusi vya kinanda, na hapo ndipo uchungu wa wimbo unapokaa. Kitufe kiliisukuma hadi kwenye kibao cha jirani, beti zote nne. Niliposikia niliumia kama mtu aliyesomewa barua ya mamake kwa maneno mengine. Mwambie anayekuchanganyia tangu mwanzo: hicho kizimwe. Na kwa sababu hiyohiyo, kinanda cha umeme kisipige noti hiyo pamoja na udi, kiache kishike sauti za chini.

Kushirikiana na walio mbali ni neema kubwa ya kuishi ugenini wakati huu. Mpiga fidla wangu yuko Mombasa, na mwenzetu wa ganuni yuko Muscat. Tunatumiana mafaili ya WAV, yaani ya sauti isiyobanwa, na kila faili linaanzia sekunde sifuri, hata kama chombo kinaingia dakika ya tatu, ili mwenzako aliweke tu mahali pake. Wimbo wa dakika 4 kwa chaneli moja (mono) ni kama megabaiti 35. Kwenye WhatsApp utume kama hati. Ukituma kama ujumbe wa sauti, unabanwa na uzuri unapotea.

Kisha kutoa. Huwezi kupeleka wimbo mwenyewe moja kwa moja Spotify au Apple Music, unapita kwa msambazaji, yaani kampuni inayoupeleka huko kwa niaba yako. Wapo wanaotoza ada kila mwaka, na wapo wanaotoza mara moja kwa kila toleo. Kwa kijana tofauti hiyo ni ndogo. Kwetu ni kubwa sana: kwa wengi wa wale wa ada ya mwaka, ada isipolipwa nyimbo huondolewa. Mzee akilala hospitali miezi mitatu, au akifariki, kadi ya benki ikafungwa, kazi yake yote inashuka. Ndiyo maana mimi nilichagua kulipa mara moja, ingawa mwanzo ni ghali zaidi.

Jina pia. Wimbo wangu wa kwanza uliingia kwenye ukurasa wa msanii mwingine wa nchi nyingine mwenye jina kama langu, na ilichukua majuma mengi ya barua kuutoa. Tafuta jina lako kwanza, na likiwa na mwenyewe ongeza la babu. Kila wimbo hupewa namba ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12. Iandike daftarini, kwani ukihamia kwa msambazaji mwingine utaihitaji ili wimbo utambulike kuwa ni uleule.

Pesa usizitegemee. Tangu 2024 Spotify haiulipi wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12. Hata hivyo, andikeni makubaliano na wapigaji wenu kabla ya kutoa, karatasi moja yenye majina, mgao na saini. Hakimiliki ipo tangu wimbo uliporekodiwa, ila usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni ushahidi mzuri ukizuka ubishi. Wimbo wa mtu mwingine usiutoe bila ruhusa yake au ya warithi wake. Na mgeni mwenzangu, kibali changu cha ukaazi si cha kazi, kwa hiyo harusini naimba bila malipo. Kabla hujapokea bahasha ya jukwaani, waulize Uhamiaji na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

Mwisho, mafaili. Yawe mahali patatu: kompyuta, diski iliyo nyumba nyingine, na hifadhi ya mtandaoni. Yangu ya nyumba nyingine iko kwa shemeji Raskazone. Maneno ya siri yamo ndani ya bahasha aliyonayo binti yangu Mombasa, pamoja na orodha ya nyimbo na nani alipiga nini. Mwezi uliopita nilimwomba ajaribu kuingia kwenye akaunti ya msambazaji bila msaada wangu. Alishindwa, kwa sababu namba ya uthibitisho ilikuja kwenye simu yangu hapa Tanga. Tuliongeza namba yake siku hiyohiyo, akajaribu tena, akaingia.